Ivar Aasen: Mwana wa Mkulima Aliyezikutanisha Lahaja za Norwei

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote nchini Kenya hukutana na suala la usanifishaji mapema katika masomo yake. Hufunzwa kuwa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliafiki Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kuisimamia kazi hiyo. Hufunzwa pia kuwa uamuzi huo uliacha kinyongo, hasa miongoni mwa wasemaji wa Kimvita na Kiamu, lahaja ambazo zilikuwa na hazina kubwa ya ushairi ulioandikwa kabla ya ujio wa wakoloni. Baada ya hapo mjadala wetu aghalabu hukwama penye njia panda: ama lahaja moja ichaguliwe na nyingine zikae kando, ama pasiwe na lugha sanifu kabisa.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeikataa njia panda hiyo. Jina lake ni Ivar Aasen, mwana wa mkulima mdogo kutoka pwani ya magharibi ya Norwei, aliyeishi kati ya mwaka 1813 na 1896. Hakuwahi kuketi katika darasa la chuo kikuu kama mwanafunzi, wala hakushika cheo chochote cha serikali. Hata hivyo, alizikusanya lahaja za wakulima wa maeneo ya jadi ya nchi yake, akazilinganisha, akazitungia sarufi na kamusi, na kutokana nazo akaunda lugha ya maandishi ambayo hadi leo ni mojawapo ya aina mbili rasmi za Kinorwei. Lengo letu si kumsifu tu. Tunakusudia kumfuata hatua kwa hatua ili tuone alichokifanya, alichokikosa, na kinachoweza kutufaa sisi tunaoishughulikia lugha yenye lahaja nyingi.

Nchi iliyogawanywa na milima

Maisha ya Aasen hayaeleweki bila kuielewa kwanza sura ya nchi yake. Norwei ni nchi ndefu na nyembamba. Milima imeigawa vipande vipande, na bahari imepenya ndani kwa ghuba ndefu zenye kuta za mawe, ziitwazo fiyodi. Kwa karne nyingi watu wa bonde moja walionana na wenzao wa bonde la pili mara chache, na hasa wakati wa kiangazi. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maeneo ya jadi ya nchi hiyo: Sunnmøre, Nordmøre na Romsdal upande wa kaskazini-magharibi, Sogn, Voss na Hardanger penye fiyodi za magharibi, Ryfylke na Jæren kusini-magharibi, Setesdal na Telemark kusini, Hallingdal, Valdres, Gudbrandsdalen na Østerdalen katika mabonde ya mashariki, Trøndelag katikati, na Nordland inayoelekea kaskazini ya mbali.

Mengi ya maeneo haya si mikoa ya utawala. Serikali imechora mipaka yake mara kadhaa, ikaiunganisha mikoa na kuitenganisha tena, lakini mtu wa Sunnmøre hubaki kuwa mtu wa Sunnmøre. Alama zake ni vazi la sherehe, nyimbo, aina ya nyumba, na zaidi ya yote, usemi. Mnorwei akifungua kinywa, msikilizaji hutambua mara moja ametoka bonde gani. Hali hii si ngeni kwetu: anayezijua lahaja za pwani humtambua Mpate na Mvumba kwa sentensi moja tu.

Jambo la pili ni historia. Norwei ilikuwa chini ya ufalme mmoja na Denmaki tangu mwaka 1380 hadi 1814. Katika muda huo lugha ya kale ya maandishi ya Wanorwei ilififia, na kufikia karne ya 16 mahali pake palikuwa pamechukuliwa na Kidenmaki. Biblia, katekisimu, sheria, hati za mashamba na vitabu vya shule vyote vilikuwa katika lugha hiyo. Mwaka 1814 Wanorwei walijitungia Katiba yao, wakaingia katika muungano mwingine na Uswidi uliodumu hadi 1905, lakini waliendelea kuandika Kidenmaki. Kwa hiyo mkulima wa Hardanger alisema lugha moja nyumbani na kusoma nyingine kanisani, na alifunzwa kuiona ile ya nyumbani kuwa ni upotovu wa ile ya kitabuni.

Kuzaliwa na malezi

Ivar Aasen alizaliwa tarehe 5 Agosti 1813 katika shamba la Åsen, karibu na Ørsta katika eneo la Sunnmøre. Jina lake la ukoo, kama ilivyokuwa desturi ya wakulima wa huko, lilitokana na jina la shamba. Alikuwa kitindamimba. Mamaye alifariki Ivar akiwa na umri wa miaka mitatu, na babaye akafariki mwaka 1826, kijana huyo akiwa na miaka kumi na mitatu tu. Alibaki shambani chini ya kaka yake mkubwa, akifanya kazi za mikono kama vijana wengine wa rika lake.

Elimu yake ya utotoni ilikuwa haba. Shule za mashambani wakati huo hazikuwa na majengo. Mwalimu alizunguka kutoka shamba hadi shamba, akakaa siku chache, kisha akaendelea na safari. Vitabu vilivyopatikana vilikuwa vichache na vingi vilikuwa vya dini. Hata hivyo, Ivar alikuwa na kiu ya kusoma isiyokatika, na mwaka 1831, akiwa na miaka kumi na minane, yeye mwenyewe aliajiriwa kuwa mwalimu wa kuzunguka. Mwaka 1833 alihamia Herøy kwa Hans Conrad Thoresen, kasisi mwenye elimu na maktaba, naye akamfunza Kilatini.

Hapa tunakutana na uamuzi wa kwanza mkubwa wa maisha yake. Mlango wa kuelekea chuo kikuu ulikuwa umeanza kufunguka. Kijana mwenye kipaji kama chake angeweza kufanya mtihani wa kuingia chuoni, akawa kasisi au afisa wa serikali, na kuupa umaskini kisogo. Aasen alikataa. Aliona kuwa msomi wa aina hiyo huhama kutoka tabaka lake na kuingia tabaka jingine, akavaa mavazi yao na kusema lugha yao. Aliamua kuendelea kujisomea akiwa angali mmoja wa wakulima. Hakuichukia elimu, alichokikataa ni bei ambayo elimu ya wakati huo ilimtaka mwana wa mkulima ailipe.

Mimea na maneno

Kuanzia mwaka 1835 hadi 1842 Aasen alikuwa mwalimu wa nyumbani katika familia ya afisa mmoja wa jeshi huko Solnør, bado ndani ya Sunnmøre. Miaka hiyo saba ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chake. Alijifunza lugha za kigeni kwa kutumia vitabu. Alitembea mashambani akikusanya mimea, akaikausha na kuipanga kwa utaratibu wa wanasayansi, akiandika jina la kienyeji la kila mmea. Sambamba na hayo, alianza kuikusanya lahaja ya nyumbani kwake kwa njia ile ile: kutazama, kulinganisha, kutenga aina, kisha kutafuta kanuni.

Mapema mwaka 1836, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliandika insha fupi kuhusu lugha ya maandishi ya Norwei. Insha hiyo haikuchapishwa hadi mwaka 1909, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake, lakini ndani yake mna mpango mzima wa maisha yake. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa lililopata uhuru halina haja ya kuazima lugha, maadamu lugha yake ingali hai katika vinywa vya wakulima. Alipinga kuchagua lahaja moja na kuipandisha juu ya nyingine. Alipendekeza lahaja zote zikusanywe na kulinganishwa, kisha msingi wao wa pamoja utafutwe na kuandikwa. Kila eneo, kwa maoni yake, lingepaswa kujiona ndani ya lugha hiyo, na lisiwepo eneo la kuona kuwa limeshindwa.

Mwaka 1841 Aasen alifunga safari hadi mji wa Bergen akiwa amebeba vitu viwili: mkusanyo wake wa mimea iliyokaushwa na mswada wa sarufi ya lahaja ya Sunnmøre. Alivipeleka kwa Askofu Jacob Neumann. Askofu huyo aliipenda mimea, lakini sarufi ndiyo iliyomshangaza zaidi, akachapisha sehemu ya kazi hiyo katika gazeti la mjini. Habari zilimfikia Frederik Moltke Bugge, mkuu wa shule mjini Trondheim na rais wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha mji huo. Chama kilimpa Aasen ruzuku ili azunguke nchini akichunguza lahaja. Mtu aliyeukataa mlango wa mbele wa usomi alikuwa sasa ameingia kwa mlango wa shambani, tena bila kuacha jembe nyuma.

Safari ya maeneo ya jadi

Tangu mwaka 1842 hadi 1846 Aasen alisafiri kwa miguu, kwa mashua na kwa magari ya farasi. Alipita Sogn na Voss, Hardanger na Ryfylke, Jæren, Setesdal na Telemark, mabonde ya mashariki, Trøndelag, hadi sehemu za Nordland. Miji aliipita bila kukaa sana kwa ajili ya utafiti, kwa kuwa usemi wa mijini ulikuwa umechanganyika mno na Kidenmaki. Zaidi ya Wanorwei wanane katika kila kumi waliishi mashambani wakati huo, na huko ndiko alikotaka kusikiliza.

Utaratibu wake ulikuwa wa subira. Alikaa katika eneo muda wa kutosha kuisikia lahaja ikisemwa kwa kawaida, akaandika maneno, viambishi, nyakati za vitenzi na jinsia za nomino, kisha akayalinganisha na aliyokuwa ameyapata kwingineko. Alikusanya pia methali, vitendawili, hadithi na majina ya watu. Asili yake ilimsaidia: hakuwa bwana wa mjini aliyekuja kuwachungulia wakulima, bali mtu aliyejua kukata nyasi na kuvuta kasia, na aliyesema lahaja kama wao.

Alichokigundua hakikuwa vurugu. Watu wa magharibi walisema eg kwa maana ya mimi, watu wa mashariki je, na wengi wa Trøndelag æ au e. Lakini nyuma ya tofauti hizo kulikuwa na utaratibu. Kila alipozifuata tofauti hadi kwenye chanzo, alikuta zinaelekea kwenye lugha ile ile ya kale iliyoandikwa katika zama za kati, ambamo neno hilo lilikuwa ek. Lahaja zilizodhaniwa kuwa ni Kidenmaki kilichoharibika zilikuwa kwa hakika ni wana halali wa mama mmoja. Mkulima hakuwa amekosea, alikuwa mrithi. Haishangazi kwamba tamthilia ambayo Aasen aliiandika baadaye aliiita Ervingen, yaani Mrithi.

Kutoka lahaja hadi lugha

Matokeo ya safari yalichapishwa kwa awamu. Mwaka 1848 ilitoka sarufi ya lugha ya watu wa Norwei, na mwaka 1850 ikafuata kamusi yenye maneno yapatayo 25,000. Yafaa kukumbuka kuwa mwaka huo huo wa 1850 ndipo Johann Ludwig Krapf alipochapisha Ujerumani muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili, alioutayarisha huku pwani kwetu. Kuna tofauti moja isiyoweza kupuuzwa. Krapf alikuwa mgeni aliyeandika ili wageni wenzake waweze kujifunza. Aasen aliwaandikia wenye lugha, naye alikuwa mmoja wao.

Wasomi wa mji mkuu, akiwemo mwanahistoria Peter Andreas Munch, waliipokea kazi hiyo kwa heshima. Aasen alihamia Kristiania, mji ambao sasa ni Oslo, mwaka 1847, na kuanzia mwaka 1851 Bunge lilimpa malipo ya kila mwaka ili aendelee na utafiti. Mwaka 1853 alichapisha kitabu cha vielelezo vya lugha yake mpya, aliyoiita Landsmål, yaani lugha ya nchi. Sehemu ya kwanza ilionyesha lahaja za maeneo mbalimbali, kila moja ikisema kwa sauti yake. Baada yake zilifuata matini katika lugha ya pamoja, zikiwemo tafsiri kutoka fasihi ya kigeni, mathalani kipande cha Romeo na Juliet cha Shakespeare. Mpangilio wenyewe ulikuwa hoja: msomaji aliziona kwanza lahaja, kisha akaonyeshwa zinavyoweza kukutana.

Je, zilikutana vipi? Mfano mmoja utatosha. Katika karibu lahaja zote, neno la nyumba likiwa bayana hutamkwa bila sauti ya mwisho, yaani huse. Aasen aliliandika huset, kwa sababu lugha ya kale ilikuwa na konsonanti mwishoni, na kwa sababu mwandiko huo unaonyesha wazi jinsia ya nomino. Kwa njia hiyo maandishi hayakuwa picha ya matamshi ya mahali pamoja. Yalikuwa paa ambalo chini yake kila lahaja ingeweza kusomwa kwa matamshi yake. Kati ya maumbo mawili yanayoshindana, alichagua lile lililoweza kueleza mengine na lililokuwa karibu zaidi na asili. Sarufi yake iliyokomaa ilitoka mwaka 1864, na kamusi kubwa ya mwaka 1873 ilikuwa na maneno yapatayo 40,000.

Mshairi aliyeijaribu lugha yake

Aasen alifahamu kuwa sarufi na kamusi haziipi lugha uhai. Lugha huthibitika inapoimbwa, inapoigizwa na inapotumiwa kuomboleza. Tamthilia yake Ervingen iliigizwa Kristiania mwaka 1855, na nyimbo zake zikapendwa. Mwaka 1856 alichapisha mkusanyo wa methali za Kinorwei. Mwaka 1863 alitoa diwani ndogo iitwayo Symra, jina la ua dogo linalochanua mapema wakati theluji inapoanza kuyeyuka. Mashairi yake ni mepesi kwa umbo, yana vina vilivyopangika, na huyazungumzia makao, kazi, milima na bahari bila kujigamba. Baadhi yake huimbwa na Wanorwei hadi leo, wakiwemo wasioandika lugha yake.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, hili si jambo dogo. Lahaja zetu za kaskazini zilijipatia heshima kwa tendi na mashairi kabla hazijapata sarufi. Kwa Aasen mpangilio uligeuka: sarufi ilitangulia, kisha mwanasarufi akalazimika kuwa mshairi ili kuwaonyesha watu kuwa alichokiunda kina pumzi.

Wapinzani na wafuasi waasi

Usidhani, msomaji, kwamba njia ilikuwa nyeupe. Upinzani wa kwanza ulitoka kwa waliokuwa na mpango mwingine. Knud Knudsen, mwalimu wa shule, alitaka Kidenmaki kilichoandikwa kirekebishwe polepole kwa kufuata matamshi ya Wanorwei waliosoma. Njia hiyo haikuhitaji mapinduzi, na ndiyo iliyozaa aina ya pili ya Kinorwei, inayoandikwa na wengi leo. Wengine walimkejeli. Henrik Ibsen, katika tamthilia yake Peer Gynt ya mwaka 1867, alimweka ndani ya nyumba ya wendawazimu mjini Kairo mhusika anayetaka kurudisha lugha ya nyani wa kale. Wahakiki wengi wamesoma tukio hilo kama dhihaka kwa wapigania lugha.

Upinzani wa pili ulikuwa wa kisomi, na ulikuwa na uzito zaidi. Aasen aliegemea lahaja za magharibi na za milimani, akizipima kwa kipimo cha lugha ya kale. Watu wa mabonde mapana ya mashariki waliona kuwa usemi wao umepewa nafasi ndogo. Fauka ya hayo, aliyafukuza maneno mengi yenye asili ya Kijerumani, hata yale ambayo wakulima wenyewe walikwisha kuyazoea. Hapa palikuwa na mgongano ndani ya nadharia yake: aliyetaka lugha itoke vinywani mwa watu alikuwa sasa akiwachagulia watu maneno ya kuweka vinywani. Sisi tuliowahi kushuhudia mabishano kuhusu maneno ya Kiarabu na ya Kiingereza katika Kiswahili tunaujua ugumu huo.

Hata wafuasi wake hawakumtii. Aasmund Olavsson Vinje, mwana wa Telemark, alianzisha gazeti lake Dølen mwaka 1858 na kuliandika kwa Landsmål iliyojaa ladha ya eneo lake. Arne Garborg wa Jæren naye alifuata mkondo wake. Aasen hakufurahia uhuru huo, lakini ndio ulioivuta lugha kutoka mezani pa mwanasarufi hadi kwenye riwaya, makala ya siasa na mabishano ya kila siku. Mwaka 1868 kilianzishwa chama cha uchapishaji, Det Norske Samlaget, ambacho kingali kinachapisha vitabu katika lugha hiyo.

Miaka ya mwisho

Aasen hakuoa. Aliishi Kristiania katika vyumba vya kupanga, akivaa kikulima, akipokea wageni waliomjia kutoka kila pembe ya nchi. Hakuwa mhubiri wa majukwaani. Aliwaachia wengine hotuba na siasa. Siasa hata hivyo zilimfikia. Baada ya chama cha Venstre, kilichoungwa mkono na wakulima wengi, kushika serikali mwaka 1884, Bunge lilipitisha tarehe 12 Mei 1885 azimio la kuipa lugha ya watu wa Norwei hadhi sawa na lugha ya vitabu iliyozoeleka. Mwaka 1889 Agano Jipya lilichapishwa katika lugha hiyo. Mwaka 1892 sheria iliziruhusu bodi za shule za mashambani kuchagua lugha ya kufundishia. Mzee huyo aliyekuwa mwalimu wa kuzunguka alidiriki kuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 23 Septemba 1896, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, akazikwa mjini humo.

Mwaka 1929 Landsmål ilipewa jina la Nynorsk, yaani Kinorwei kipya, na ile ya pili ikaitwa Bokmål. Nynorsk ilifikia kilele chake katika miaka ya 1940, ambapo takriban thuluthi moja ya wanafunzi wa shule za msingi walifundishwa kwayo. Tangu hapo imepungua, na sasa ni lugha kuu ya takriban mwanafunzi mmoja katika kila kumi, wengi wao wakiwa katika maeneo ya magharibi. Jumba la makumbusho la Aasen lilifunguliwa mwaka 2000 alikozaliwa. Sheria ya lugha iliyoanza kutumika mwaka 2022 imethibitisha kuwa aina hizo mbili ni sawa mbele ya dola. Mwaka 2023, Jon Fosse, aliyekulia katika eneo la Hardanger na anayeandika kwa Nynorsk, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Tathmini

Tunaweza kusema nini juu ya maisha haya? Ikiwa kipimo ni ushindi, Aasen hakushinda. Alitaka lugha moja ya taifa, akaliachia taifa lugha mbili za maandishi na mabishano yasiyokwisha. Ikiwa kipimo ni heshima ya msemaji, basi alifanya makubwa. Norwei ya leo ni miongoni mwa nchi ambamo mtu husema lahaja yake bungeni, redioni na chuoni bila kuona haya. Hali hiyo haikuletwa na mtu mmoja, lakini ni vigumu kuifikiria bila kazi yake.

Hata hivyo, lazima tuutazame upande wa giza. Mwaka 1851, Aasen alipoanza kupokea malipo ya Bunge, Bunge hilo hilo lilianzisha mfuko wa fedha wa kueneza Kinorwei miongoni mwa Wasami, watu wa kaskazini wenye lugha zao zisizo na udugu na Kinorwei. Watoto wa Kisami walikuja kufundishwa kuwa lugha ya mama yao haina nafasi shuleni. Kosa hilo si la Aasen, wala hatuna sababu ya kumtwika. Linatufunza tu kwamba taifa linaweza kuidai haki ya lugha yake kwa mkono wa kulia huku likimnyima jirani haki ile ile kwa mkono wa kushoto. Sisi wapenzi wa Kiswahili, tunaoishi miongoni mwa lugha nyingi za Kenya, hatuna budi kulitafakari jambo hilo kabla ya kushangilia kila hatua inayopigwa na lugha yetu.

Hitimisho

Usanifishaji wa Kiswahili umekwisha kufanyika, na si nia ya makala haya kudai kwamba urudiwe. Kiswahili sanifu kimetuunganisha na kinatulisha. Ila yapo mambo mawili ambayo maisha ya Aasen yanatuachia mlangoni. La kwanza ni kuwa lahaja si makosa ya lugha sanifu. Ni maghala yake. Mwalimu anayemkosoa mtoto wa Lamu, Vanga au Siyu kwa neno alilorithi kwa nyanyake anapaswa kwanza kujiuliza kama neno hilo limekosewa, au ni yeye tu ambaye hajalisikia. La pili ni kuwa ghala halikusanywi kwa maombolezo. Aasen alitembea miaka minne akiwa na daftari, na kila alichokisikia alikiandika. Wazee wanaosema Kichifundi, Kivumba na Kitikuu bado wapo, na wanafunzi wa Kiswahili tupo kwa mamia. Daftari si ghali. Likizo ijayo ni ndefu vya kutosha kwa mmoja wetu kuanza na kijiji kimoja.